Mswahili ana mtaji katika Kituruki

Hatutapika. Ni neno moja, lakini ndani yake mna ukanushi, mna watu, mna wakati na mna tendo. Mwingereza huhitaji maneno manne kusema jambo hilohilo, na Mfaransa hana nafuu. Mturuki hulimaliza kwa neno moja kama sisi: pişirmeyeceğiz. Pişir ni pika, -me- ni ukanushi, -yeceğ- ni wakati ujao, na -iz ni sisi. Vipande ni vilevile. Sisi tunatanguliza “ha-tu-ta” ndipo tufike kwenye kupika. Yeye anaanza na kupika, kisha anabandika yaliyobaki nyuma.

Huku kwetu wanaokihitaji Kituruki si wachache tena. Wapo vijana wanaopata ufadhili wa Serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, ambao kwa kawaida hutumia mwaka wa kwanza kusoma lugha kabla ya kugusa fani waliyoiendea. Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata nguo Laleli na Merter, Istanbul. Wapo waliofanya kazi bega kwa bega na Waturuki wa kampuni ya Yapı Merkezi katika ujenzi wa reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Na wapo watazamaji wa tamthilia, ambao sasa wanataka kusikia wahusika wanasema nini kabla ya kutiwa sauti za Kiswahili.

Wengi wao hupitia mlango mmoja: kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kitabu hicho kimetungwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuona neno moja likibeba sentensi nzima, wala irabu ya kiambishi ikigeuka kufuata irabu ya mzizi. Kwa hiyo hutumia kurasa nyingi kumtuliza na kumwelezea maajabu. Mswahili akikisoma, naye huingiwa na hofu isiyomhusu. Maajabu hayo anayafanya kila siku tangu alipojifunza kusema, na akivuka na Kiswahili chake mkononi atakuta nusu ya sarufi anaijua.

Herufi 29, sauti tatu ngeni

Kituruki husomwa karibu kama kilivyoandikwa, na hilo lina historia inayofanana na yetu. Hadi mwaka 1928 kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili kilivyoandikwa pwani kwa karne kadhaa. Shida ilikuwa moja: Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano na Kituruki kina nane. Tarehe 1 Novemba 1928, chini ya Rais Mustafa Kemal Atatürk, Bunge la Uturuki lilipitisha Sheria Namba 1353 ya herufi mpya za Kilatini. Magazeti yalitakiwa kuhama kufikia 1 Desemba mwaka uleule, na vitabu kufikia 1 Januari 1929. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili. Mwaka 1932 Waturuki wakaunda chombo chao cha lugha, Türk Dil Kurumu, kinachojulikana kwa kifupi kama TDK.

Herufi zake ni 29. Q, w na x hazimo. C husomwa kama j yetu, kwa hiyo cevap, yaani jibu, ni “jevap”. Ç ni ch, ş ni sh. Mashabiki waliomfuata Mbwana Samatta alipojiunga na Fenerbahçe mwaka 2020 walizizoea herufi hizi bila mwalimu: Fenerbahçe ni “Fenerbahche”, na mpinzani wake Beşiktaş ni “Beshiktash”. Ğ yenyewe haitamkwi. Kazi yake ni kuvuta irabu iliyoitangulia, hivyo dağ, mlima, ni “daa”.

Kati ya irabu nane, tano tunazo. Tatu zilizobaki zina njia ya kuzipata. Kwa ü, sema “i” kisha viringa midomo kama anayepiga mluzi bila kusogeza ulimi. Kwa ö, fanya hivyohivyo ukianzia na “e”. Kwa ı, ile i isiyo na nukta, sema “u” kisha nyoosha midomo kama anayetabasamu. Usiidharau nukta: sınır ni mpaka wa nchi, sinir ni mshipa wa fahamu, na ndiyo hutumika pia mtu akisema amepandwa na hasira. Herufi kubwa nazo hutofautiana, ndiyo maana Waturuki huandika İstanbul kwa nukta juu.

Irabu zinazovaa sare

Hapa ndipo kitabu cha Kiingereza huanza kutoa jasho, na hapa ndipo Mswahili ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Tazama vitenzi vyetu: pika, pikia; kata, katia; funga, fungia. Halafu: soma, somea, leta, letea. Hakuna aliyekaa akatufundisha kwamba mzizi wenye a, i au u hufuatwa na -i-, na wenye e au o hufuatwa na -e-. Hata hivyo, hakuna Mswahili anayesema “pikea” wala “somia”. Tunasema pikisha lakini somesha, fungika lakini someka. Kiambishi kimoja, sura mbili, na mzizi ndio unaochagua.

Kituruki hufanya jambo hilo kwa lugha nzima. Irabu zake zimegawanyika makundi mawili: a, ı, o, u zinazotamkwa ulimi ukiwa nyuma, na e, i, ö, ü zinazotamkwa ulimi ukiwa mbele. Irabu ya mwisho ya neno huchagua, na viambishi vinavyofuata huvaa sare yake, kama ndugu wa bibi harusi wanavyokata nguo moja. Wingi huwa -lar au -ler. Kitap, kitabu, huwa kitaplar. Okul, shule, huwa okullar. Ev, nyumba, huwa evler. Göz, jicho, huwa gözler.

Viambishi vingine vina sura nne badala ya mbili, kwa sababu hutazama midomo pia: ikiwa irabu ya mwisho ni ya mviringo, kiambishi nacho huviringika. Kitabu changu ni kitabım, nyumba yangu ni evim, shule yangu ni okulum, jicho langu ni gözüm. Tofauti na kwetu ni kipimo tu. Sisi tunalinganisha irabu kwa kadiri mdomo unavyofunguka. Wao hulinganisha kwa mahali pa ulimi na umbo la midomo. Wazo ni moja: mdomo usisumbuliwe katikati ya neno.

Maneno ya mkopo huwa na ukaidi wake. Saat, ambayo ni saa, ina a mbili lakini wingi wake ni saatler. Gol la mpira, licha ya o yake, huwa goller. Haya hukaririwa kama tunavyokariri vitenzi vyetu visivyoishia na a.

Umeona pia kwamba kitap ilipopata mkia ikawa kitabım, p ikageuka b. Konsonanti ngumu ya mwisho ikifuatwa na irabu mara nyingi hulainika: p huwa b, ç huwa c, t huwa d, k huwa ğ. Kinyume chake pia kipo. Kiambishi kinachoanza na d hukazwa kuwa t kikifuata konsonanti ngumu, kwa hiyo “kitabuni” ni kitapta, si kitapda. Walimu wa Kituruki wana jina la kuzikumbuka konsonanti hizo nane: Fıstıkçı Şahap, yaani Şahap muuza njugu. Ondoa irabu katika jina hilo, utabaki na f, s, t, k, ç, ş, h na p.

Nomino: ile -ni yetu imegawanywa

Mtu anayedhani Kiswahili hubandika kila kitu mbele ya neno amesahau -ni. Niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Kiambishi kimoja cha nyuma kinabeba safari yote, na kitenzi ndicho kinachotuambia mtu anaelekea wapi. Mturuki ameigawa -ni hiyo mara tatu. Evde ni nyumbani pa kukaa, eve ni nyumbani pa kwenda, evden ni nyumbani pa kutoka. Evdeyim, niko nyumbani. Eve gidiyorum, naenda nyumbani. Evden geliyorum, natoka nyumbani. Mwenye kuelewa hayo matatu amemaliza sehemu kubwa ya somo ambalo vitabu huliita hali za nomino.

Hali inayowatesa wanafunzi wengi ni ile ya -i, ya kitu kinachotendwa. Kwa Mswahili haina siri. Linganisha “nimesoma kitabu” na “nimekisoma kitabu”. Ya kwanza haijali ni kitabu gani. Ya pili inakihusu kitabu tunachokijua mimi na wewe. Mturuki husema kitap okudum kwa ile ya kwanza, na kitabı okudum kwa ya pili. Sisi huingiza -ki- ndani ya kitenzi, yeye hubandika -ı mwishoni mwa nomino. Ukijiuliza kama ungetia -ki-, -li- au -ya- katika sentensi yako, mara nyingi utakuwa umepata jibu la kama utie -i katika yake.

Umiliki huenda kinyume na wetu. Nyumba ya Ali ni Ali'nin evi: mwenye mali hutangulia, na pande zote mbili hupata alama, kama kusema “ya Ali nyumba yake”. Jina la mtu au la mahali hutengwa na viambishi kwa koma ya juu.

Na kuwa na kitu? Hakuna kitenzi. Kuna maneno mawili, var na yok, ipo na haipo. Kitabım var, kitabu changu kipo, yaani nina kitabu. Vaktim yok, wakati wangu haupo, yaani sina nafasi. Maneno haya mawili utayasikia Istanbul kuanzia asubuhi hadi usiku.

Baada ya hapo huja mapumziko. Kituruki hakina ngeli. Hakuna kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, miti mizuri. Ni güzel tu, iwe kwa kitu kimoja au mia. Hakina jinsia pia: o ni yeye, mwanamume au mwanamke, na ni kile au lile inapobidi. Mwarabu na Mfaransa hutaabika hapo; sisi hatuna la kuzoea.

Mpangilio wa maneno ndio unaotaka uangalifu. Sisi tunasema “nyumba kubwa mbili hizi”. Mturuki anasema bu iki büyük ev: hizi, mbili, kubwa, nyumba. Ni sentensi yetu imesomwa kutoka mwisho. Na tazama ev: haina -ler. Ukishataja idadi, wingi hauhitajiki, kwa sababu namba imekwisha kuusema.

Maneno mapya huzaliwa kwa mikia iliyo na ndugu zake huku kwetu. Sisi tuna m- ya mtu wa mahali, Mtanzania; wao wana -lı, Tanzanyalı. Sisi tuna u- ya hali, utoto, uzuri, udugu. Wao wana -lık na sura zake, çocukluk, güzellik, kardeşlik. Mwenye kazi hupata -cı na sura zake: balık ni samaki, balıkçı ni mvuvi, gazete ni gazeti, gazeteci ni mwandishi wa habari.

Kitenzi: hazina ilipo

Kitenzi katika kamusi ya Kituruki huishia na -mek au -mak, ambayo ni ku- yetu iliyohamia nyuma: gelmek, kuja, okumak, kusoma. Ondoa mkia huo, umebaki na mzizi, na mzizi huwa mbele daima. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na “hatukuwapikia” huvua viambishi kimoja kimoja kabla hajajua afungue kamusi kwenye p. Kwa Kituruki unaanza kusoma neno na tayari unajua ni tendo gani. Subira ni ya kujua nani, lini, na kama limetendeka.

Wakati uliopo hubebwa na -iyor. Geliyorum, ninakuja. Geliyorsun, unakuja. Geliyor, anakuja. Geliyoruz, tunakuja. Geliyorsunuz, mnakuja. Geliyorlar, wanakuja. Sehemu ya -yor haibadiliki hata irabu zinazoitangulia zikibadilika: alıyor, anachukua, görüyor, anaona. Wakati ujao ni -ecek au -acak. Kuna -ir na sura zake, inayofanana sana na hu- yetu ya mazoea: çay içer, hunywa chai.

Wakati uliopita ndio wenye utamu, maana uko wa aina mbili. Ali geldi, Ali alikuja, nimeona au nina hakika. Ali gelmiş, nayo ni Ali amekuja lakini sikushuhudia: nimeambiwa, au nimeona viatu vyake mlangoni. Vitabu vya Kiingereza huhitaji aya nzima kueleza -miş. Sisi tuna eti na kumbe. “Eti Ali kaja” na “kumbe Ali kaja” zote mbili zinakaa ndani ya gelmiş. Ndiyo maana ngano za Kituruki, ambazo msimulizi wake hakuwepo, huanza kwa bir varmış, bir yokmuş, yaani eti alikuwepo mmoja, eti hakuwepo. Ni paukwa pakawa yao.

Ukitaka kuona undugu wa lugha hizi mbili kwa karibu, chukua mzizi anla-, elewa. Anlamak ni kuelewa. Tia -ş-, upate anlaşmak, kuelewana. Tia -t-, upate anlatmak, kumfanya mtu aelewe, yaani kumweleza. Tia -ş- na -ıl-, upate anlaşılmak, kueleweka. Elewa, elewana, elewesha, eleweka: kauli zetu za kutendana, kutendesha na kutendeka, na zote hukaa nyuma ya mzizi, palepale zinapokaa za Kituruki. Yazmak ni kuandika, yazılmak kuandikwa, yazışmak kuandikiana, yazdırmak kuandikisha. Okumak ni kusoma, okutmak kusomesha. Mwanafunzi aliyefundishwa kauli za kitenzi shule ya msingi anaweza kuzibunia mifano kabla ya kuzikuta kitabuni.

Ukanushi ni -me- au -ma- baada tu ya mzizi: gelmedim, sikuja. Hata virejeshi vina mfano wetu. “Kitabu nilichosoma” ni okuduğum kitap, ambapo “nilichosoma” ni neno moja kwetu na neno moja kwao. Mwingereza huko huanza kutafuta viunganishi.

Dukani Laleli

Sarufi hukaa vizuri zaidi ikiwa na bei juu yake. Tuseme mama mmoja wa Kariakoo ameingia duka la jumla:

– Kolay gelsin abi. Bu gömlek ne kadar?
– Hoş geldin abla. Toptan mı, perakende mi?
– Toptan. Siyahı var mı?
– Siyah kalmadı, mavi var.
– Mavi olsun. On seri alacağım. İndirim var mı?

Kolay gelsin husemwa kwa mtu aliye kazini; kwetu ni “pole na kazi”. Abi ni kaka mkubwa, abla ni dada mkubwa, na kama huku, si lazima muwe ndugu. Gömlek ni shati, ne kadar ni kiasi gani, hoş geldin ni karibu, mavi ni bluu. Toptan ni jumla, perakende ni rejareja. Tazama mı na mi: ni “je” ya Kituruki, huandikwa peke yake baada ya kinachoulizwa, na bado huvaa sare ya neno lililotangulia. Siyahı ni “nyeusi yake”, nyeusi ya shati hili. Kalmadı ni kal, baki, na -ma- ya ukanushi, na -dı ya wakati uliopita: hazikubaki, zimekwisha. Olsun ni “na iwe”, sawa na ile -e yetu ya aje, asome, iwe. Utaisikia pia mtu akikupa pole ya ugonjwa, geçmiş olsun, yaani yawe yamepita. Seri ni furushi lenye saizi mbalimbali, ndivyo nguo za jumla zinavyouzwa Laleli, nayo haikuchukua wingi kwa sababu kumi imeshatajwa. Alacağım ni nitachukua: al-acak-ım, na k ikalainika kuwa ğ. İndirim ni punguzo. Jibu la swali la mwisho hutegemea muuzaji.

Huyu mama amemwita muuzaji abi na muuzaji amemwambia hoş geldin, kwa umoja, kwa kuwa wamekutana kidugu. Kwa mzee, kwa mwalimu au ofisini, Kituruki hutumia wingi kama heshima: hoş geldiniz, nasılsınız. Heshima tunayoiweka katika shikamoo wao huiweka katika siz, yaani ninyi. Na jamaa zao wamepangwa kama wetu. Ndugu wa kiume wa mama ni dayı, mjomba. Wa baba ni amca, ambaye Zanzibar wangemwita ami. Dada wa baba ni hala, shangazi. Dada wa mama ni teyze, mama mdogo au mama mkubwa. Baba ni baba.

Panapoteleza

Mtaji haumwondolei mtu hasara asipouangalia. Mkazo ndio wa kwanza. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Kituruki mara nyingi hukaza ya mwisho, na mkazo huweza kugeuza maana. GELme ni usije. GelME ni kule kuja. ÖğretmeNİM ni mwalimu wangu. ÖğretMENim ni mimi ni mwalimu. Majina ya miji mengi yana desturi yake: ANkara, isTANbul.

Pili ni silabi zinazofungwa na konsonanti. Ulimi wa Kibantu unataka irabu mwishoni, ukageuza kitap kuwa “kitapu”. Hilo ni kosa zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu irabu ya mwisho katika Kituruki mara nyingi huwa kiambishi. Okul ni shule, okulu ni shule yake, au shule ile tunayoizungumzia.

Tatu ni vihusishi. Tunasema kwa ajili yangu, kama simba, kwa basi. Huko hufuata neno: benim için, aslan gibi, otobüsle. Na kitenzi hukaa mwisho wa sentensi: Ali, kitabu, anasoma. Anayetafsiri kutoka kichwani atatoa maneno sahihi katika foleni isiyo sahihi.

Mwisho ni maneno tuliyokopa sote Uarabuni na Uajemi. Mengi ni rafiki: kitap, saat, dünya, haber, hesap, sabun, kalem, asker. Machache yana sura ya rafiki tu. Merhaba ni salamu ya kuanza, si jibu la shikamoo. Misafir ni mgeni aliyefika kwako. Bahar ni majira ya kuchipua, wala hayana uhusiano na bahari, ambayo ni deniz.

Pa kuanzia

Kwa anayeanza leo, mpango unaofaa si ule wa sura ya kwanza hadi ya ishirini. Anza na irabu nane hadi ziwe mdomoni, kwa kuwa kila kiambishi kitakachofuata kinazitegemea. Ingia kwenye -de, -e na -den, kisha var na yok, kisha -iyor pamoja na nafsi zote sita. Kwa hayo tu mtu anaweza kusema yuko wapi, anaenda wapi, ana nini na anafanya nini. Wakati uliopita ufuate, halafu -i ya kitu kinachotendwa. Okuduğum na jamaa zake wangoje, ingawa Mswahili atawafikia mapema kuliko wenzake darasani.

Kamusi ya TDK ipo bure mtandaoni, na Taasisi ya Yunus Emre ina masomo ya bure ya mtandaoni kwa wanaoanza. Wanaokwenda kusoma wengi watapitia vituo vya lugha vya vyuo vikuu vinavyoitwa TÖMER. Cha Chuo Kikuu cha Ankara kilianza mwaka 1984. Neno likikosekana katika kamusi, kumbuka kulainika: gidiyor hutafutwa kwenye gitmek, na kitabı kwenye kitap.

Anayefundisha Kituruki Dar es Salaam, Zanzibar au Nairobi ana kazi nyepesi kuliko mwenzake wa London, mradi asiige kitabu cha London. Somo la kwanza na lianze na pikia na somea ubaoni, na wanafunzi waulizwe kwa nini hawasemi somia. Watakaa kimya kidogo, kisha mmoja ataona. Akishaona, -lar na -ler zitakuwa mali yake, na mwalimu aendelee na yaliyo magumu kweli: ı, mkazo, na kukubali kungoja kitenzi hadi mwisho wa sentensi.